Mtembezi wa Peke Yake na Nyoka wa Kipupwe: Somo kutoka Bonde la Kiruruma

Kipupwe, yaani miezi ya Juni hadi Agosti, ndicho kipindi kizuri cha kutembea katika bonde la Kiruruma, kwenye wilaya za Karagwe na Kyerwa. Mvua imekatika, vijia vya kando ya mto vimekauka, na asubuhi ina baridi ya kutosha kumvalisha mtu sweta. Wengi hutembea peke yao: mwalimu aliye likizoni, mgonjwa wa shinikizo la damu aliyeshauriwa kufanya mazoezi, mhudumu wa afya ya jamii anayekatiza miti kuifikia kaya ya mbali. Ni sisi watabibu tunaowahimiza watembee. Ni haki basi tuwaeleze pia la kufanya iwapo wataumwa na nyoka hali hawana mwenzi.

Nyoka hana joto lake mwenyewe. Huliazima kwa jua. Baada ya usiku wa baridi hutoka kichakani akajilaza palipo na mwanga, na penye miti mingi mahali hapo mara nyingi ni njia yenyewe. Mwili uliopoa ni mzito kukimbia. Kifutu, mwenye rangi ya majani makavu, hakimbii upesi hata wakati wa joto, kwani kinga yake ni kutoonekana. Viatu vinavyofunika vifundo, suruali ndefu na fimbo ya kupapasa majani mbele ya mguu vina faida kubwa. Usikalie gogo kabla ya kulitazama upande wa pili.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Kanuni ya kwanza ya huduma ni kwamba aliyeumwa asitembee, kwa sababu misuli inayofanya kazi huisukuma sumu mwilini. Lakini aliye peke yake atabebwa na nani? Karagwe ina kisa cha zamani kinachohusu mguu usioweza kutembea. Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861. Grant akashikwa na kidonda kibaya cha mguu, mwenzake akatangulia Buganda mwezi Januari 1862, naye akabaki akihifadhiwa hadi Aprili, alipoondoka akiwa amebebwa. Hakuumwa na nyoka, ila alikuwa na watu waliojua alipo.

Hilo ndilo analolikosa mtembezi wetu, nalo hutayarishwa nyumbani. Mwambie mtu mmoja jina la njia, saa ya kurudi, na afanye nini saa hiyo ikipita. Karibu na mpaka, simu huweza kudaka mtandao wa Rwanda au Uganda. Chagua mwenyewe mtandao wa nyumbani kabla ya kuondoka. Uliza mapema ni kituo kipi chenye antivenini, maana si kila zahanati inayo, na kufikishwa pasipo na dawa ni kupoteza saa za thamani.

Ukiumwa, sogea mbali na nyoka, wala usimfukuze. Vua pete, saa na kiatu kabla ya uvimbe. Piga simu. Kaa, uunyooshe mguu na kuufunga pamoja na kijiti usichezecheze, bila kukaza. Usikate, usinyonye, usiweke jiwe jeusi, usifunge kamba: kamba huweza kuua mguu ambao sumu ingeuacha. Kwa maumivu tumia parasetamoli, si aspirini. Ukitapika au kusinzia, lala kwa ubavu. Iwapo hakuna mtandao, na hakuna anayekungoja, hapo kanuni hulegezwa: tembea polepole kwa fimbo, ukipumzika mara kwa mara, kuelekea mashamba ya kahawa yaliyo karibu, ukipiga kelele. Sumu ya kifutu kwa kawaida huchukua saa nyingi kabla ya kuua. Ile ya fira huweza kulegeza kope na kuzuia pumzi mapema zaidi, hivyo usikawie kuamua.

Kwa wenzangu wa zahanati: mgonjwa akija na kamba mguuni, msiifungue kwa pupa kabla ya kuweka njia ya mshipa na kuandaa vifaa vya kusaidia upumuaji. Wekeni mililita 2 za damu ya mshipa katika mrija wa kioo, safi na mkavu, uachwe dakika 20 bila kuguswa, kisha uinamisheni mara moja; damu isiyoganda ni dalili ya sumu. Antivenini hutolewa kwa dalili, si kwa alama za meno pekee, adrenalini ikiwa tayari mkononi, na kipimo cha mtoto ni kile kile cha mtu mzima. Kumbukeni chanjo ya pepopunda. Asiye na dalili yoyote naye abaki chini ya uangalizi kwa saa 24, hata akisisitiza kwamba nyumbani wanamsubiri.