Dondoo muhimu: Hesabu bipu kabla ya kununua mazabodi

Kompyuta ikizungusha feni huku skrini ikibaki nyeusi, usikubali kuambiwa mazabodi imekufa kabla hujahesabu bipu zake. Mlio wenyewe ni ushahidi: umeme umefika, prosesa imeanza kazi, na ukaguzi wa awali umekwama mahali panapojulikana. Kwenye BIOS ya AMI, bipu 3 fupi huelekeza kwenye RAM na 8 kwenye kadi ya picha. Kwa Award, 1 ndefu na 2 fupi ni kadi ya picha. Mjue kwanza mtengenezaji, maana Dell na HP wana hesabu zao. Hapa Nzuguni, ambako kiangazi huingiza vumbi kila upenyo, ningeanza na RAM: chomoa waya wa umeme, itoe, sugua taratibu meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa chembe zote, kisha ikandamize mpaka vibanio vijifunge. Utasema mashine nyingi za sasa hazina spika. Ni kweli, lakini mazabodi nyingi zina pini za kuichomekea, na laptopu nyingi huhesabu kwa kupepesa taa. Spika ikiwepo na bado kukawa kimya, hapo ndipo ushuku pawa saplai, prosesa au mazabodi yenyewe.