Ulimi Hutangulia Panga

Soma Yakobo 3:8–10. Yakobo anaona kosa gani katika kinywa kinachombariki Mungu na kumlaani mwanadamu?

Aprili 16, 1994, huko Mugonero, Rwanda, Watutsi wengi waliokimbilia kanisa na hospitali ya Waadventista walishambuliwa na kuuawa. Ilikuwa siku ya Sabato. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha, hapa nchini kwetu, ilimtia hatiani Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa kanisa letu kwa kusaidia mauaji ya kimbari.

Mapanga hayakuanza siku hiyo. Tangu miaka ya 1930 vitambulisho viliwagawa watu kuwa Wahutu, Watutsi na Watwa. Baadaye redio ya RTLM iliwaita Watutsi “mende”. Mtu akishaitwa mdudu, kumwua huonekana kuwa usafi. Kuijua Sabato hakukuwakinga waliokwisha kusahau kwamba jirani yao ameumbwa kwa mfano wa Mungu.

Soma Matendo 17:26. Hapa Mbeya na Iringa, Wanyakyusa, Wasafwa, Wahehe na Wabena huketi katika darasa moja. Utani una mahali pake, maana anayetaniwa naye hujibu na wote hucheka. Lakini neno linalomwondolea mtu utu wake si utani, hata likisemwa na mzee wa kanisa. Likemewe likiwa bado neno.

Je, ni usemi gani kuhusu kabila jingine ambao darasa lako limeuzoea? Nani ataukataa kwanza?