Zinki Katika Moshi wa Kariobangi: Istilahi na Homa ya Mafundi

Makala hii inakusudia kulichunguza jina moja la kemia, oksidi ya zinki, mahali linapofanya kazi bila kutajwa. Mahali hapo ni karakana za Kariobangi Light Industries, katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Huko mafundi wa jua kali huchomelea mageti na madirisha kutwa, na mabomba na mabati wanayoyaunga aghalabu yamepakwa zinki ili yasishike kutu.

Zinki huchemka katika nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 na ushei. Kwa hiyo, chuma kinapofikia kuungika, zinki iliyokifunika imekwisha kuwa mvuke. Mvuke huo hukutana na oksijeni ya hewani, ukawa moshi mweupe wa oksidi ya zinki, wenye chembe ambazo nyingi hazifiki nanomita 100. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe za kadiri hiyo hutengenezwa maabarani kwa gharama. Fundi wetu huzivuta bure.

Watafiti wa tiba huzipenda nanochembe hizi kwa sababu hutoa ioni za zinki na kuzalisha oksijeni kali zinazoua bakteria. Aidha, huyeyuka upesi penye asidi, na ndiyo maana zinajaribiwa dhidi ya seli za saratani. Mengi ya hayo yangali maabarani. Kinachouzwa dukani ni cha kale: losheni ya kalamini ya rangi ya waridi, ambayo mzazi humpaka mtoto mwenye tetekuwanga, ni oksidi ya zinki iliyotiwa oksidi ya chuma kidogo.

Lakini ngozi si pafu. Aliyevuta moshi huo kwa wingi hupatwa, saa kadhaa baadaye, na homa, baridi, kiu, maumivu ya misuli na ladha ya chuma mdomoni. Kwa kawaida hupona baada ya siku moja au mbili. Mwili huuzoea moshi kazini, ukausahau mwishoni mwa juma; hivyo ugonjwa huu umepata kuitwa homa ya Jumatatu. Wachomeleaji wengi hunywa maziwa kama kinga, ingawa hakuna ushahidi kwamba maziwa huuzuia. Kinachosaidia ni kukwangua zinki kabla ya kuchomelea, kufanyia kazi penye hewa na kuvaa kifaa cha kupumulia kinachofaa.

Hapa ndipo mwanaisimu anapoingia. Tuuiteje ugonjwa huu? Wapo watakaopendekeza ‘homa ya mafusho’. Pendekezo hilo lina hatari, kwani mafusho masikioni mwa watu wetu ni dawa: mgonjwa hujifukiza apone. ‘Homa ya mvuke wa zinki’ nayo si sahihi kikemia, maana kinachovutwa ni chembe yabisi. Mwandishi anapendelea ‘homa ya moshi wa metali’, jina ambalo fundi atalielewa bila kamusi.

Suala hili si la kamusi tu. Dalili zilizotajwa zafanana mno na za malaria, na mgonjwa asiye na jina la maradhi yake huenda akarudi nyumbani na dawa za malaria, kisha keshoye akarejea kwenye moshi uleule. Tabibu mwenye istilahi hii atakuwa na swali la kuongeza: “Jana ulichomelea nini?”