Alfajiri Kabla ya Kombe



Nilipomaliza falsafa, wenzangu walikwenda kuanza taalimungu. Mimi niliambiwa nikae kwanza parokiani, nisubiri barua. Sikufukuzwa, ila nilijihisi kama abiria aliyeachwa na basi. Kila asubuhi nafagia ukumbi na kuosha vyoo. Siku moja niliona mtu niliyesoma naye sekondari anakuja, nikaficha ufagio. Yaani niliona aibu kabisa.

Katika kusubiri huko ndipo nilipoanza kufuatilia maisha ya kocha Hervé Renard.

Renard ni Mfaransa, amezaliwa 1968. Alikuwa beki: alianzia Cannes, akaendelea na Vallauris na Draguignan, timu ndogo za kusini mwa Ufaransa. Hakuwa nyota. Alipoacha kucheza alifundisha Draguignan jioni, na riziki yake ilitoka kwenye kazi ya usafi: alfajiri anatoa mapipa ya taka, anasafisha majengo. Baadaye kocha mzoefu Claude Le Roy alimchukua awe msaidizi wake, kwanza China, kisha Uingereza na Ghana. Mwaka 2008 Zambia wakamkabidhi timu ya taifa. Aliondoka 2010, akarudi 2011.

Tarehe 12 Februari 2012 Zambia walicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Libreville, Gabon. Mji huo una jeraha lao. Mwaka 1993 ndege iliyobeba timu yao ilianguka baharini karibu na hapo, watu wote 30 wakafa, 18 kati yao wakiwa wachezaji. Kabla ya fainali, kikosi cha Renard kilikwenda ufukweni kuweka maua. Ndipo wakaikabili Ivory Coast ya Drogba. Dakika 120 ziliisha bila bao, Zambia wakashinda 8–7 kwa penalti.

Lakini kilichonigusa si penalti. Beki Joseph Musonda aliumia mapema katika fainali hiyo, akatoka akilia. Wenzake walipokuwa wanashangilia, yeye hakuweza kuwakimbilia. Renard alimwendea, akambeba mikononi kama mtoto, akampeleka katikati ya wenzake.

Nilijiuliza: mtu anajifunza wapi jambo hilo? Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba fadhila ni mazoea mema. Hujengeka ndani yetu kwa matendo tunayoyarudia. Basi mtu haanzi kuwa mwema siku ya fainali. Siku ya fainali inaonyesha tu alichokuwa akikizoea. Siwezi kuuona moyo wa Renard, ila nadhani aliyewahi kuamka gizani kubeba taka za wengine haoni shida kuinama kumbeba aliyeanguka.

Sasa tuelewane. Sisemi kwamba ukifagia vizuri Mungu atakupa kombe. Renard mwenyewe alishinda tena 2015, safari hii akiwa na Ivory Coast, lakini Kombe la Dunia 2018 Morocco yake ilitolewa kwenye makundi na pointi moja tu. Na wapo wasafishaji wengi wa alfajiri ambao hakuna gazeti litakalowaandika. Mungu anawajua kwa majina. Katika Luka 16:10 Yesu anaunganisha uaminifu katika dogo na uaminifu katika kubwa. Hasemi dogo ni adhabu ya kupita haraka. Yeye mwenyewe alikaa Nazareti miaka mingi kuliko aliyohubiri.

Ninapoandika haya barua yangu haijafika. Huenda ikaja, huenda isije. Ila kesho asubuhi nitafagia, na akipita mtu ninayemfahamu nitamsalimia nikiwa na ufagio mkononi.

Maswali ya kutafakari

1. Ni kazi gani ndogo unayoificha watu wasiione?
2. Katika kundi lako, nani ameumia na hawezi kuufikia ushangiliaji?
3. Kama unachosubiri hakitakuja, utabaki mwaminifu?

Tusali: Ee Yesu, fundi wa Nazareti, utufundishe kukupenda katika kazi isiyoonekana, na utupe mikono ya kumbeba mwenzetu siku ya furaha yetu. Amina.