Mawe ya Chuma Hayalingani

Ukifika Mdandu, katika mkoa wa Njombe, tazama udongo wa kandokando ya barabara. Mahali pengi ni mwekundu. Wekundu huo unatokana na chuma kilichoungana na hewa ya oksijeni, kama kutu iliyo juu ya jembe lililosahauliwa nje wakati wa masika. Basi, ikiwa chuma kimo katika udongo tunaoukanyaga, mbona hatuuchimbi tukatengeneza majembe?

Chuma kimo, lakini ni kidogo mno. Ili kukipata, mawe huchomwa katika tanuru pamoja na makaa. Kaboni ya makaa huiondoa oksijeni, na chuma hubaki. Lakini mchanga na mfinyanzi uliomo hupata moto pia, nao hula makaa bure bila kutoa chuma chochote.

Fanya hesabu. Tuseme mawe yana kilo 50 za chuma katika kila kilo 100. Ukitaka tani moja ya chuma, utahitaji tani 2 za mawe. Mawe mengine yana kilo 25 tu katika kila kilo 100. Hayo utahitaji tani 4. Ni lazima uzichimbe zote nne, uzisafirishe zote nne na kuzitia motoni zote nne, ingawa utakachopata ni tani ile ile moja. Kwa hiyo mnunuzi huuliza kwanza: katika kilo mia, chuma ni kilo ngapi? Jiwe jeusi liitwalo magnetiti, ambalo huvutwa na sumaku, likiwa safi kabisa lina chuma kilo 72 hivi katika kila kilo 100. Hakuna jiwe la kawaida la chuma linalolishinda.

Kisha mnunuzi huuliza swali la pili, nalo ni gumu zaidi: pamoja na chuma, mna nini kingine?

Mchanga una dawa yake. Mawe ya chokaa hutiwa tanuruni, yakaungana na mchanga, vikayeyuka pamoja. Taka hiyo ni nyepesi kuliko chuma. Huelea juu yake, ikamwagwa nje. Huitwa mavi ya chuma. Fosforasi haiondoki kwa urahisi namna hiyo. Ikibaki ndani ya feleji, yaani chuma kigumu cha kutengenezea reli, nondo na majembe, feleji hiyo huvunjika upesi ikiwa baridi. Salfa nayo hufanya chuma kipasuke kinapofuliwa kingali moto. Vitu hivi, hata vikiwa kidogo kama chumvi katika mboga, hushusha bei ya mawe.

Sasa twende Liganga, katika wilaya ya Ludewa, kusini ya mji wa Njombe. Huko kuna vilima vyenye mawe meusi, mazito, yavutwayo na sumaku. Wapangwa na Wakinga wa milima hiyo walikuwa wahunzi hodari, wakiyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya miti na mivuo. Wataalamu wa Kijerumani waliandika habari za mawe ya Liganga zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kichina ili mgodi na kiwanda vijengwe, lakini zaidi ya miaka kumi ilipita bila kiwanda hicho kusimama. Sababu za kuchelewa ni nyingi, na nyingine ni za fedha na mikataba. Ila moja imo ndani ya jiwe lenyewe, nayo ndiyo tunayojifunza hapa.

Karibu nusu ya uzito wa mawe ya Liganga ni chuma. Hiyo si haba. Lakini yana titani kwa wingi. Katika tanuru kubwa, titani huungana na kaboni, ikafanya chembe ngumu zisizoyeyuka. Taka ambayo ingetiririka kama uji huwa nzito kama ugali, ikakwama. Tanuru likiziba, kazi husimama. Hivyo mwenye tanuru la kawaida huyaogopa mawe haya.

Hata hivyo, hayo siyo yote. Mawe hayo yana pia vanadi, chini ya kilo moja katika kila kilo 100. Usiidharau! Vanadi kidogo ikichanganywa na feleji huiongezea nguvu. Ndiyo maana hutiwa katika spana na springi. Titani yenyewe hutengenezewa rangi nyeupe na sehemu za ndege. Mjini Panzhihua, nchini China, mawe ya jamii hii yamekuwa yakiyeyushwa tangu mwaka 1970, kwa sababu mafundi wa huko walijifunza namna ya kuizuia taka isigande. Kwao, kile wengine wanachokiita uchafu huuzwa.

Jaribio

Chota vijiko 10 vya mchanga mkavu wa kando ya kijito. Funga sumaku ya redio iliyoharibika kwa karatasi ya nailoni, kisha uipitishe polepole ndani ya mchanga. Chembe nyeusi zitanasa. Shika nailoni juu ya sahani, vuta sumaku utoe, chembe zitaanguka. Rudia mpaka zisinase tena.

1. Umepata vijiko vingapi vya chembe nyeusi?
2. Je, ungehitaji vijiko vingapi vya mchanga ili kupata vijiko 10 vya chembe hizo?
3. Sumaku imekuonyesha chembe zinazovutwa. Taja vitu viwili ambavyo haiwezi kukuonyesha, navyo hubadili bei ya mawe ya chuma.