Likizo Imeangukia Masika? Anza na Barabara

Leo nawajibu wote mlioniuliza kuhusu safari za kipindi hiki cha mvua, na nitaanza na mdogo wangu mmoja wa Tabata. Yeye na mashoga zake watatu wamechangishana tangu mwaka jana ili watembee, na likizo waliyokubaliwa ni ya Aprili, maana Desemba wenye vyeo walishajigawia. Mmoja anataka Zanzibar. Mwingine anataka Hifadhi ya Nyerere akaone mbwa mwitu. Wa tatu anasema mvua zikishaanza mtu mwenye akili anatulia kwake. Ananiuliza: dada, tuahirishe?

Msiahirishe. Wafanyakazi wengi wakishaahirisha safari, ile hela huishia kwenye michango ya harusi na ada. Ila mbadilishe mnavyochagua. Kiangazi mtu anachagua mahali, halafu anatafuta usafiri. Masika anza na njia. Jiulize unapita barabara gani, mvua ikipiga usiku kucha itapitika asubuhi, na ukikwama utakwamia mjini penye chakula na zahanati au porini? Ukishapata majibu hayo, orodha yako ya mahali itajipunguza yenyewe.

Halafu tuelewane kuhusu mvua zenyewe. Wengi mnazungumza kama vile Aprili nchi nzima imelowa sawasawa. Sivyo. Masika ya Machi hadi Mei ni ya Pwani, Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Pemba, Kilimanjaro, Arusha, na mikoa ya Ziwa Victoria. Huko ndiko kwenye misimu miwili, masika na vuli. Lakini Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya, Ruvuma na Mtwara wana msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kwa hiyo masika yanapopamba moto Dar, Dodoma mvua zinaaga. Dodoma kwa mwaka mzima hupata milimita 600 hivi, wakati Bukoba hupata karibu 2,000, na Aprili ndiyo kilele chake. Ukiwa na likizo ya Aprili ukaamua kwenda Bukoba kutalii, nakupenda, lakini utaishia kuangalia ziwa kupitia dirishani.

Ndiyo maana chaguo langu la kwanza kwenu ni Dodoma na Kondoa. Najua mtaguna. Dodoma mmezoea kuisikia kwa vikao na semina, na wengi mmeiona Septemba ikiwa kavu na vumbi tupu. Nendeni muione baada ya mvua, mtama na uwele vikiwa shambani na vilima vikiwa kijani. Ndio wakati wa mlenda mbichi wa porini. Tafuteni mama wa Kigogo awapikie na ugali wa uwele, mle kwa mkono, muone kama mtautamani tena ule mlenda mkavu wa kwenye pakiti.

Na njia yake ndiyo iliyonifanya niitaje ya kwanza. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria wa Dar na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Ile reli ya zamani, kipande cha Kilosa hadi Gulwe kilikuwa kikisombwa na maji mara kwa mara, abiria wakilala njiani. Sasa unaondoka Dar asubuhi, mchana unakula Dodoma, nguo kavu. Kutoka hapo hadi Kondoa ni lami, ile barabara inayoendelea mpaka Babati. Michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, na uzuri wake kwa msimu huu ni kwamba ipo chini ya miamba iliyojitokeza mbele. Wale wa zamani waliochora twiga na watu warefu wembamba walichagua penye hifadhi, kwa hiyo hata kukinyesha mnasimama pakavu. Tatizo ni kipande cha kutoka Kolo kupanda kilimani, ni njia ya mawe na inateleza. Fikeni kwanza ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, muulize hali ya asubuhi ile, na mpande na mwongozaji wao. Mvae raba zenye meno. Kandambili ziacheni gesti.

Sasa wewe wa mbwa mwitu. Sikiliza dada yako kwa makini, maana hapa watu wanapoteza hela. Hifadhi ya Nyerere, hasa upande wa Rufiji, Aprili na Mei kambi nyingi hufungwa, na hawafungi kwa uvivu. Ule udongo mweusi ukilowa hauna rafiki. Gari linaanza vizuri, halafu tope linajaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini mviringo, kama mwiko uliogandiwa na ugali. Dereva anakata usukani kulia, gari linakwenda lenyewe kushoto, taratibu, bila mwendo, mpaka linalala ubavu kwenye mtaro. Ukishuka kusukuma, mguu unatoka, kiatu kinabaki. Hapo mko mbali na kijiji, simu haishiki, na jua linazama. Atakayekuuzia safari ya huko katikati ya Aprili kwa bei ya chee muulize kambi gani iko wazi, na umpigie mwenye kambi mwenyewe usikie. Nyerere ni ya Julai hadi Oktoba.

Kama roho inataka wanyama tu, nendeni Mikumi. Barabara kuu ya Dar kwenda Mbeya imepita katikati ya hifadhi, hivyo mnafika kwa lami. Au mnashuka treni Morogoro, mnakodi gari lenye kuvuta miguu yote minne kwa siku moja. Sitawadanganya kwamba mtaona kama Agosti. Majani ni marefu, simba akilala hamumwoni, na maji yapo kila mahali kwa hiyo wanyama hawana haja ya kukusanyika. Lakini twiga, pundamilia na tembo mtawaona, na ndege ni wengi sana, maana wageni wa kutoka Ulaya na Asia kaskazini hukaa huku hadi kama Aprili. Kwa sababu hiyohiyo ya maji, Tarangire msiende sasa mkitegemea yale makundi ya tembo ya kwenye picha. Mvua zikinyesha tembo wanatawanyika nje ya hifadhi, wanarudi mtoni kiangazi.

Pale ambapo mvua ndiyo inayotengeneza uzuri wenyewe, hapo nataka mnisikilize zaidi. Wenye likizo ya Februari, mbuga za Ndutu kusini mwa Serengeti ndipo nyumbu wanapozalia. Ni kwa sababu mvua zimeotesha majani mafupi juu ya udongo wa majivu ya volkano, wenye madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji. Na kuna Kitulo.

Kitulo sielewi kwa nini hatuendi. Ni uwanda wa juu, mita 2,600 hivi, kati ya Mbeya na Njombe, umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Kuanzia Desemba hadi Aprili maua yanafunika ardhi yote, na okidi peke yake zipo aina zaidi ya 40. Njoo Agosti, utakuta nyasi kavu na baridi ya kukata masikio, utashangaa watu walikuwa wanasifia nini. Mvua ndiyo yenye bustani. Na ukifika, chuchumaa. Okidi nyingi ni ndogo, zimejificha kwenye nyasi, ukipita na gari ukipiga picha dirishani umekosa nusu ya uzuri. Usichume hata moja. Okidi hizo zimeteseka vya kutosha kwa watu wanaochimba viazi vyake kuvipeleka Zambia, ambako vinapikwa chakula kiitwacho chikanda.

Njia ya Kitulo sasa. Ipo ile ya Chimala, inayoitwa Hamsini na Saba kwa kona zake, inapanda ukuta wa mlima mpaka Matamba. Kwa mvua hiyo siwapi ruhusa bila dereva wa kulekule na gari imara, na siyo mvua ikiwa inanyesha. Lala Mbeya mjini au Matamba, ondoka asubuhi, na ukiambiwa na wenyeji kwamba leo hapana, basi leo hapana. Beba sweta la kweli, siyo kile kimtandio cha harusini.

Lushoto mnaiulizia kila mwaka. Ukungu wa masika ule ni mzuri kupita maelezo. Lakini barabara ya Mombo kupanda Soni imechongwa ubavuni mwa mlima, na mvua kubwa huteremsha mawe na udongo. Mkienda, pandeni mchana, na kama usiku kumenyesha sana subirini Mombo msikie magari yaliyoshuka yanasemaje.

Haya, Zanzibar. Bei za Aprili na Mei zinashuka sana, ni kweli, na Mji Mkongwe bila umati una raha yake. Mvua inapiga kwa nguvu, inakatika, jua linatoka, mnatembea vichochoroni mpaka Forodhani. Ila kaeni mjini. Hoteli nyingi za pwani ya mashariki hufunga au hukarabati miezi hiyo, na pepo za kusi zikishaanza ndio upande unaopigwa, mwani unarundikana ufukweni. Kabla hujalipa uliza maswali haya: jiko linapika? Jenereta lipo? Kuna ujenzi unaoendelea? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, tafuta kwingine.

Na bahari, wadogo zangu, bahari haibembelezwi. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia, boti za Dar na Zanzibar zilisimamishwa, na kwa upande wa bara mvua zake zikaikata barabara ya kwenda Lindi pale Somanga. Julai 2012 MV Skagit ilizama karibu na Chumbe, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo, tukazika watu wengi. Boti ikizuiwa, shukuru aliyezuia. Usikubali kabisa mtu akikuambia kuna jahazi au kiboti cha pembeni kinaondoka usiku. Bosi wako atakasirika siku moja yatakwisha. Tiketi ya Zanzibar basi iendane na siku moja ya ziada, na hela ya kulala usiku mmoja zaidi iwe pembeni, haiguswi hata mkiona mikoba mizuri kiasi gani.

Mambo ya njiani nitayapitia haraka. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isome jioni kabla ya kuondoka, hasa ikiwa na tahadhari ya mkoa unaokwenda na ile mikoa unayopita. Basi panda la alfajiri. Mabasi ya usiku yaache mpaka kiangazi, kwa sababu kalvati lililosombwa halionekani kwa taa. Mkikuta maji yanakatiza barabara, shukeni, hata kama dereva anasema ameshapita hapo mara nyingi. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kuinua gari dogo, na ya sentimita 60 yanabeba hata kubwa. Abiria mmoja mwanamke akikataa, wengine hupata ujasiri wa kukataa. Kuwa huyo mmoja.

Mkobani weka khanga mbili, zinakauka upesi. Pedi, simu na dawa zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji. Chandarua uliza kama kipo, kama hakipo beba chako, na ukirudi ukapata homa hata wiki mbili baadaye nenda kapime malaria, usimeze dawa kwa kukisia. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa, kwani mafuriko huleta kipindupindu. Namba ya gari mliyokodi mtumie mtu wa nyumbani. Na kila mnapolipa hela ya awali, muulizeni mwenye hoteli kwa ujumbe, siyo kwa mdomo: barabara ikikatika, mnaturudishia au mnatubadilishia tarehe? Msimu huu wao ndio wanaohitaji wateja, wengi watakubali tarehe mpya bila kugombana.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Tabata na wenzako: treni mpaka Dodoma, siku mbili Kondoa, mkirudi shukeni Morogoro mwende Mikumi, shoga yenu apate wanyama wake. Wa Zanzibar mwambieni Januari, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia. Yule anayetaka kubaki nyumbani msimlazimishe, ila mwonyesheni ratiba, maana nahisi anaogopa matope zaidi ya mvua, na safari hii karibu yote ni ya reli na lami. Tiketi ya kurudi kateni ya Ijumaa, siyo ya Jumapili jioni, ili kukitokea lolote njiani Jumatatu mfike kazini.