Kugawa, Kugawia na Kugawana: Vitenzi vya Uhusiano katika Istilahi za Seva Pacha za DHCP, kwa Mifano ya Ofisi za Kasulu na Kibondo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza, pasipo utata, mpango wa kuweka seva mbili za DHCP katika mtandao mmoja wa ofisi. Tunadai kuwa uundaji wa istilahi za kompyuta umeshughulikia zaidi nomino na kuviacha vitenzi vijitafutie njia, ilhali makosa ya kazi huzaliwa kwenye vitenzi. Mfano mkuu ni kitenzi *gawana*, ambacho katika mwongozo wa fundi kinaweza kusomwa kwa maana tatu zinazoleta mipangilio mitatu tofauti, mmoja wao ukiwa wa hatari.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili una historia ndefu kiasi. Wasomaji wa majarida ya lugha wanakumbuka mashindano ya *ngamizi*, *tarakilishi* na *kompyuta*, ambayo hatimaye yaliamuliwa na watumiaji wenyewe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi hiyo ilidhihirisha kwamba lugha hii inaweza kubeba menyu nzima ya programu bila kuyumba. Hata hivyo, menyu ni orodha ya majina na amri fupi. Haimwelezi fundi nani anampa nani, kwa muda gani, na nani atachukua nafasi ya nani kazi ikisimama.

Tumechagua Kasulu na Kibondo kwa sababu mbili. Kwanza, miji hii ya nyanda za juu za Kigoma ina ofisi nyingi kuliko ukubwa wake unavyoashiria: pamoja na halmashauri, mashirika ya misaada yaliweka ofisi huko tangu miaka ya 1990, kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilipoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na tena mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa upya. Pili, miji hiyo iliendeshwa kwa umeme wa jenereta za dizeli kwa miaka mingi, hadi mwaka 2022 mkoa ulipounganishwa na gridi ya taifa. Mahali ambapo umeme ulikuwa wa kukatika, swali la "seva ikizimika itakuwaje?" halihitaji kuelezwa umuhimu wake.

Ofisi tunayoitumia katika mifano ni ya kubuni: makao yake yako Kasulu na tawi lake Kibondo. Sentensi za mifano pia ni zetu.

2.0 Kazi yenyewe

Kila mashine katika mtandao haina budi kuwa na anwani yake ya namba. DHCP ni itifaki ya kuzitoa anwani hizo bila mtu kuzunguka mezani kwa meza akiziandika. Iliwekwa katika waraka wa viwango RFC 2131 wa Machi 1997, ulioandikwa na Ralph Droms, nayo ilijengwa juu ya itifaki ya zamani zaidi, BOOTP, ya mwaka 1985.

Mazungumzo yake yana hatua nne, na inavutia kwamba yanafanana na maamkizi ya mgeni anayetafuta malazi. Mashine mpya hupiga hodi kwa mtandao mzima. Seva, au seva zote zilizopo, hujibu kwa kutaja anwani zilizo tayari kuitoa. Mashine huchagua moja na kuiomba waziwazi, ili seva nyingine zijue kwamba zimeachwa. Seva iliyochaguliwa huthibitisha. Anwani hutolewa kwa muda maalumu. Nusu ya muda ikipita mashine humwendea mtoaji yuleyule kuomba nyongeza. Asipojibu, ikifika sehemu saba ya nane za muda, mashine hupiga hodi tena kwa yeyote aliyepo. Muda ukiisha bila jibu, ni lazima iiache anwani.

Yafaa kutazama hesabu. Muda wa siku 8, ambao ndio Windows Server huja nao, unaipa mashine siku 4 kabla ya kuomba nyongeza ya kwanza. Seva ikifa Jumatatu asubuhi na kufufuliwa Jumanne, watumishi wengi hawatajua kamwe. Atakayejua ni mgeni aliyekuja siku hiyo na kompyuta yake ya mkononi. Mashine yake, isipopata jibu, hujipa anwani inayoanza na 169.254, na haifiki popote nje ya ofisi. Muda ukiwa saa 1, nyongeza huombwa kila baada ya dakika 30, na seva ikizimika kwa muda wa chakula cha mchana ofisi nzima husimama. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa fundi unahusu muda. Idadi ya seva hufuata. Tumeona miongozo inayoanza na seva ya pili na kuusahau muda kabisa.

3.0 Kukodi, kupanga au kuazima?

Uhusiano wa mashine na anwani yake uitweje? Walio wengi husema mashine "inakodi" anwani. Kitenzi hiki kina malipo ndani yake, jambo ambalo halipo hapa, lakini sitara hiyo ni ndogo. Tatizo kubwa ni mnyambuliko. Kisarufi *kodi* ni tendo la mchukuaji na *kodisha* ni la mtoaji; katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, mtu husema "nimekodisha gari" akimaanisha amelichukua. Katika biashara ya gari muktadha hutuokoa. Katika sentensi "Mashine ya pili imekodisha anwani 192.168.10.40" hakuna muktadha wa kutuokoa, kwa kuwa mashine ya pili inaweza kuwa seva.

*Panga* ina mvuto wake: mpangaji hukaa mahali penye anwani, ana mkataba, na mkataba huongezwa. Lakini kitenzi hichohicho ni cha kuweka vitu katika utaratibu, na "seva inapanga anwani" tayari imeshika maana hiyo vinywani mwa mafundi. Tusigombane nao.

*Azima* ndiyo iliyo karibu zaidi kimaana. Kiswahili hutofautisha kuazima, ambako kitu kilekile hurudi kwa mwenyewe, na kukopa, ambako hurudi mfano wake. Kinyarwanda, kilicho katika kundi moja na Kiha katika uainishaji wa Guthrie, nacho hutenganisha *gutira* na *kuguza* kwa namna inayokaribia hiyo. Anwani hurudi ileile. Kinachokosekana katika *azima* ni muda uliokubaliwa. Mwenye jembe akimwazima jirani hamwandikii tarehe. Mwandishi wa makala haya angependelea nomino *mkataba wa anwani* kwa ajili ya uhusiano wenyewe, pamoja na vitenzi *pewa*, *ongezewa muda* na *rudisha*. Si vitenzi vya kupendeza, lakini hakuna atakayevisoma kinyume.

4.0 *Gawana* na maana zake tatu

Tunafika kwenye kiini. Mzizi *gawa* unatupa maumbo matatu ya lazima. Seva *hugawa* anwani. *Huigawia* mashine anwani. Na seva mbili *hugawana* anwani. Mawili ya kwanza hayana shida. La tatu, lenye kiambishi cha kutendeana, ndilo la kuchunguza:

(a) Seva ya Kasulu na seva ya pili zigawane anwani za mtandao.

Msomaji wa kwanza ataielewa sentensi (a) kama "watoto waligawana chungwa": kila mmoja kachukua kipande, na kipande cha huyu si cha yule. Msomaji wa pili ataielewa kama "wanagawana chumba", matumizi ambayo yameenea, ambapo kitu hakikatwi bali hutumiwa kwa pamoja. Wengi nchini husema pia "familia tatu zinachangia choo kimoja". Msomaji wa tatu atafikiria kugawana kazi: anwani ni za wote, ila leo wateja hawa ni wako na wale ni wangu.

Maana ya kwanza inaleta mpangilio halali na wa zamani. Tuseme anwani za kugawiwa ni kuanzia 192.168.10.21 hadi 192.168.10.250, yaani 230. Kwa kanuni ya themanini kwa ishirini, seva ya kwanza inapewa 21 hadi 204, ambazo ni 184, na ya pili 205 hadi 250, ambazo ni 46. Seva hizi hazina haja ya kuzungumza. Udhaifu wake ni kwamba ya pili haina kumbukumbu ya mikataba ya mwenzake, hivyo haiwezi kuirefusha. Ya kwanza ikikaa kimya muda mrefu, mashine hupewa anwani mpya kutoka kapu dogo, na kapu dogo huisha.

Maana ya tatu ni halali pia, kwa sharti kwamba seva ziwe na makubaliano ya kupashana habari za kila mkataba. Windows Server ilileta uwezo huo katika toleo la 2012, kwa seva mbili tu. Programu ya zamani ya ISC ilikuwa nao kabla ya hapo. ISC iliacha kuitunza programu hiyo mwaka 2022 ikiwaelekeza watumiaji kwenye Kea. Rasimu ya kusawazisha makubaliano hayo kwa anwani za toleo la nne haikuwahi kuwa kiwango rasmi, na matokeo yake ni kwamba seva mbili za watengenezaji tofauti haziwezi kuingia katika makubaliano ya namna hii. Fundi achague programu moja kwa pande zote mbili.

Maana ya pili ndiyo ya hatari. Seva zote mbili zinawekewa 21 hadi 250, kila moja ikiamini kwamba kapu zima ni lake, na hazisemezani. Kwa siku kadhaa kila kitu huenda shwari, kwa sababu itifaki inashauri anwani ichunguzwe kabla ya kutumiwa, na mashine yenye kuishikilia hujibu. Lakini mashine iliyozimwa haijibu. Chukua kompyuta ya mhasibu iliyopewa .40 na seva ya kwanza, kisha ikazimwa umeme ulipokatika. Seva ya pili, isiyojua habari hizo, inachunguza .40, inakuta kimya, na kumgawia mgeni. Mhasibu anarudi, kompyuta yake inauliza kuhusu .40, na seva ya kwanza inathibitisha kwa haki kabisa. Mashine mbili, anwani moja; na malalamiko yatakuja kuhusu printa.

Wote watatu wamesoma Kiswahili sahihi. Hatuwezi kumlaumu yeyote kati yao.

5.0 Akiba na wenza

Jina la seva ya pili nalo lina uzito. *Seva ya ziada* tunaikataa: kilicho ziada ndicho kinachofutwa bajeti inapopunguzwa. (Wanaisimu tungepaswa kuwa wa mwisho kudharau urudiaji. Katika "viti vile vizuri vimevunjika" ngeli imetajwa mara nne, na msikilizaji aliyepoteza silabi moja kwa kelele za mvua juu ya bati bado ameelewa.) *Seva ya akiba* ni nzuri kwa mpangilio ambamo mmoja hufanya kazi na mwingine hungoja, kama mchezaji wa akiba aliyekwisha kuvaa jezi. Pale ambapo zote mbili hufanya kazi kwa wakati mmoja, *seva wenza* inafaa zaidi. Baadhi ya wenzetu wanalicheka neno hili kwa sababu ya mke mwenza. Sisi tunaona ucheshi huo unasaidia: wenza wasiosemezana ndio hasa waliotuletea mgogoro wa anwani .40.

Kuna neno moja la ofisi ambalo tungependa kulirudisha kazini. Mashine ya Kibondo ikipiga hodi, sauti yake haivuki rauta kufika Kasulu, isipokuwa rauta yenyewe imepewa kazi ya kuibeba, na kutaja inatoka mtandao gani. Tuite kazi hiyo *utarishi*. Kila mtumishi aliyepita katika ofisi ya serikali anamjua tarishi: hafungui barua wala hajibu, bali anaifikisha na kurudi na majibu. Tarishi wa Kibondo apewe anwani za seva zote mbili. Akipewa moja, seva ya pili haitakuwa na faida yoyote kwa tawi, hata kama iko hai na ina afya.

6.0 Sentensi badala ya orodha

Kwa hayo tunapendekeza kwamba vyombo vyenye dhamana ya istilahi, BAKITA na TATAKI wakiwemo, vikipitisha nomino vipitishe pia sentensi kamili za kazi, zenye watendaji na mipaka yao. Badala ya (a), mwongozo uandikwe ama (b) au (c):

(b) Seva ya kwanza igawe 21 hadi 204 peke yake. Seva ya pili igawe 205 hadi 250 peke yake. Isiwepo anwani iliyo katika kapu zote mbili.

(c) Seva wenza zigawe 21 hadi 250 kutoka kapu moja, na kila mkataba unaotolewa na mmoja upelekwe kwa mwenzake; mawasiliano kati yao yakikatika, hakuna atakayerefusha mkataba zaidi ya muda wa tahadhari.

*Muda wa tahadhari* katika (c), ambao Windows Server huuweka kuwa saa 1, ni ukomo wa kile ambacho seva moja inaruhusiwa kuahidi bila mwenzake kujua. Ndio unaozuia seva iliyobaki peke yake kutoa mikataba mirefu ambayo mwenzake akizinduka hataitambua. Kwa ofisi ya Kasulu yenye tawi Kibondo, ambako kiungo cha miji hiyo miwili kinaweza kukatika huku seva zote mbili zikiwa hai, kila moja ikidhani mwenzake amekufa, hiki ndicho kifungu cha kwanza ambacho Ofisa TEHAMA anapaswa kukisoma kabla hajachagua kati ya (b) na (c).